Kikundi Chenu Kikienda Mombasa, Chukueni Mwongozaji Wenu



Vikundi vingi vya kujisaidia katika sehemu zetu za Kericho na Bomet vina desturi ya kuweka pesa kidogo kila mwezi, na baada ya bonasi ya chai kulipwa, wanachama wanafanya safari. Wengine hufika Kisumu, wengine Nakuru. Walio na nguvu zaidi huenda mpaka Mombasa. Hakuna ubaya hapo. Mtu aliyeinama kwa majani chai miaka thelathini ana haki ya kuona bahari kwa macho yake.

Lakini pesa ya kikundi ni jasho la watu, na safari ya Mombasa inaimeza kwa haraka sana. Kutoka Kericho hadi Nairobi ni karibu kilomita 260, na kutoka Nairobi hadi Mombasa ni karibu kilomita 480 tena. Mkishalipa gari, mahali pa kulala na chakula, mweka hazina hana kitu. Ndipo mtu anasimama kwenye mkutano na kusema, "Ya nini kulipa mtu wa kutuonyesha mji? Macho si tunayo?" Mimi mwenyewe niliwahi kusema hivyo. Katika makala hii nitaeleza kwa nini niligeuka.

Safari ya kwanza

Tulikuwa watu 31 katika basi la kukodi. Dereva alituambia Mombasa anaijua kama shamba lake, kwa hivyo tusihangaike na mwongozaji. Tukafika alfajiri tukiwa tumechoka kabisa, miguu imevimba. Alitupeleka ufuoni moja kwa moja tukakaa huko mpaka saa sita. Kutoka hapo tulikwenda Fort Jesus, tukaiona kwa nje tu, kwa maana wengine walikuwa wameacha vitambulisho nyumbani, wengine hawakujua kiingilio kinalipwaje, na jua lilikuwa kali. Halafu dereva akatusimamisha kwenye duka la vinyago ambako alikuwa anajulikana sana. Tulikaa huko karibu saa mbili. Kumbe kwa kila kilichonunuliwa na yeye alikuwa na sehemu yake.

Kwenye mkutano uliofuata mwenyekiti aliwauliza wanachama waeleze walichojifunza. Kogo mmoja, ambaye hapendi kupoteza maneno, akajibu, "Mimi niliona maji, na migongo ya watu waliokuwa mbele yangu." Watu walicheka, lakini mweka hazina hakucheka.

Mwongozaji ni nani?

Huku kwetu watu husema "gaidi". Tafadhali mkifika Pwani msiseme hivyo, kwa maana katika Kiswahili gaidi ni mnyang'anyi, na mtu atawashangaa mkitafuta gaidi mzuri wa kuwatembeza. Semeni mwongozaji, au mwongoza watalii.

Kuna njia mbili za kumpata. Unaweza kujiunga na kundi la watu usiowajua, ambalo hupita njia ileile kila siku, kila mmoja akilipa kichwa chake. Njia ya pili ni kikundi chenu kumchukua mwongozaji awe wenu peke yenu kwa saa mlizokubaliana. Mtu wa namna hiyo analipwa kwa siku au kwa nusu siku, wala hahesabu vichwa. Hapo ndipo kikundi cha kijijini kinapata faida kuliko mtalii aliye peke yake. Tuseme, kwa mfano tu, amekubali shilingi 6,000 kwa siku nzima. Mkiwa watu 20, kila mtu ametoa shilingi 300. Mkizidi sana 20, hata hivyo, wa nyuma hawatasikia kitu, na tutarudi kwa habari ya migongo.

Faida kubwa ni kwamba mtu huyu anakwenda kwa mwendo wenu. Mzee akichoka, mnakaa. Mkitaka kuuliza habari ya bei ya samaki badala ya habari ya Wareno, anajibu habari ya samaki. Tena anasema Kiswahili chenu, na wale wasiosikia Kiswahili vizuri wanatafsiriwa Kikipsigis na mwenzao palepale bila kumkatiza mgeni yeyote.

Mwulizeni leseni kabla ya kumwuliza bei. Katika Kenya waongozaji wanapewa leseni na mamlaka ya kusimamia utalii, chini ya Sheria ya Utalii ya mwaka 2011, na mwenye leseni hakasiriki akiombwa kuionyesha. Nje ya Fort Jesus mtakutana na vijana wengi wanaojitolea kuwatembeza. Wengine wanaujua mji kweli, wamezaliwa humo. Wengine wanajua tu njia ya kwenda kwenye duka la rafiki yao. Kwa macho huwezi kuwatenga, kwa hivyo leseni ni afadhali kuliko uso mzuri.

Tulivyopatana safari ya pili

Miaka miwili baadaye tulikwenda tena, safari hii tukiwa 20. Katibu alipata mwongozaji kwa njia ya simu, kupitia nyumba ya wageni tuliyokusudia kulala, akapatana naye wiki tatu kabla. Alimwandikia ujumbe wenye mambo haya: ni saa ngapi tutaanza na kumaliza, nani atalipa kiingilio, chakula chake cha mchana ni juu ya nani, na kwamba hatutaki duka lolote ambalo hatukuliomba. Tulituma robo ya malipo kwanza, tukabakiza nyingine mpaka jioni. Ukilipa yote asubuhi, saa tisa mtu anaanza kutazama saa yake.

Jambo moja zaidi katibu aliliandika, na nafikiri ndilo lililoifanya safari ile kuwa yetu. Alimwambia, "Sisi ni wakulima wa chai. Tunataka kuona chai yetu inakwenda wapi." Yule mwongozaji akapiga simu. Alisema kwa miaka yake yote ya kazi hakuna kikundi kilichomwomba hivyo, na ingebidi tuandike barua mapema. Nitarudi hapo.

Asubuhi katika Mji wa Kale

Alitungoja mlangoni saa moja na nusu kabla jua halijapanda, akamwinamia kogo wetu na kumwambia, "Shikamoo bibi." Kogo hakujua ajibu nini. Akafundishwa kujibu "marahaba", na tangu hapo kila kijana aliyepita alitazamiwa amsalimu.

Alitueleza kwanza kwamba Mombasa ni kisiwa. Wengi wetu hatukujua, kwa maana kwa miaka mingi, ukiingia kwa barabara kutoka Nairobi, ulipita Makupa, ambako bahari ilikuwa imejazwa barabara, na hukuona kama umevuka maji. Upande wa kaskazini kuna daraja la Nyali. Upande wa kusini, Likoni, mnavuka kwa feri, na mtu wa miguu halipi. Tulivuka kwenda na kurudi. Alituonya tusikimbilie kuingia wala kusukumana, akatukumbusha feri iliyozama Mtongwe tarehe 29 Aprili 1994, ambapo watu 272 walikufa. Baada ya hapo hakuna aliyesukuma.

Fort Jesus tuliingia wote, kila mtu na kitambulisho chake mkononi, kwa sababu mwananchi analipa kidogo kuliko mgeni. Siku hizi malipo ya serikali yanafanywa kwa simu, kupitia eCitizen, kwa hivyo wekeni pesa kwenye simu ya mweka hazina kabla ya kufika. Ngome hiyo ilijengwa na Wareno kuanzia 1593 hadi 1596, na aliyeichora alikuwa Mwitaliano, Giovanni Battista Cairati. Ukiitazama kutoka juu ina umbo la mtu aliyelala chali. Sisi hatukuwa ndege, lakini alituchorea mchangani kwa kijiti, kichwa, mikono na miguu, tukaelewa.

Alitusimamisha juu ya ukuta akatueleza jinsi Waarabu wa Omani walivyoizingira tangu Machi 1696 mpaka Desemba 1698. Karibu miaka mitatu! Waliokuwa ndani walikufa zaidi kwa njaa na magonjwa kuliko kwa risasi. Mzee mmoja wetu akauliza maji walipata wapi, akaonyeshwa mahali pa kuhifadhi maji ya mvua, na hapo wazee walikaa kwa muda mrefu wakilinganisha na matangi yao ya nyumbani. Hilo silo jambo ambalo kitabu cha watalii kingesimamia, lakini tulikuwa na mwongozaji wetu, akangoja. Chini ya Waingereza ngome ilikuwa gereza kuanzia 1895 hadi 1958. Mwaka 2011 shirika la UNESCO liliiweka katika orodha ya urithi wa dunia.

Kutoka ngomeni mnaingia Mji wa Kale kwa miguu, kupitia Ndia Kuu. Ndia ni njia tu, kwa kimatamshi cha Kimvita. Nyumba ni za mawe ya matumbawe na chokaa, milango imechongwa, na vichochoro ni vyembamba hata kivuli hakitoki. Hapa mwongozaji ana kazi ya pili, ya kuwafundisha adabu. Hapa watu wanaishi, na wengi ni Waislamu. Akina mama wajifunge leso, wanaume wasitembee vifua wazi, na msipige picha ya mtu au ya mlango wa mtu kabla ya kuomba. Tulipoomba, tulikaribishwa. Mama mmoja alitutolea kahawa chungu na haluwa kizingitini, na kogo akamwuliza jinsi anavyopika mahamri. Walielewana vizuri sana, kila mmoja na Kiswahili chake.

Zile pembe kubwa za Moi Avenue, ambazo kila mtu anataka kupigwa picha chini yake, ziliwekwa miaka ya 1950 kwa ajili ya wageni wa kifalme kutoka Uingereza. Ni za chuma chepesi, si pembe za tembo. Dakika kumi zinatosha.

Chai yetu

Sasa nije kwa jambo lenyewe. Watu wengi huku wanajua chai inauzwa Mombasa, lakini wanadhani kuna soko kama la ng'ombe pale Kapkatet, ambapo unaweza kusimama kando ukatazama. Hapo zamani ilikuwa karibu hivyo. Mnada ulianza Nairobi mwaka 1956, ukahamia Mombasa mwaka 1969, na kwa miaka mingi wanunuzi walikaa katika ukumbi mmoja na dalali akagonga nyundo. Tangu mwaka 2020, wakati wa korona, mnada umehamia kwenye kompyuta. Mnunuzi anaweza kuwa ofisini kwake akitaja bei bila kutoa sauti. Kwa hivyo mtu akiwaahidi kuwaonyesha mnada, mwulizeni atawaonyesha nini hasa.

Kinachoonekana ni ghala na chumba cha kuonjea, na hapo hapaingiwi kwa miguu tu. Tuliandika barua kupitia meneja wa kiwanda chetu cha chai, tukataja idadi ya watu na namba za vitambulisho, tukangoja jibu zaidi ya wiki mbili. Tena ilibidi twende siku ya kazi. Vikundi vyetu hupenda Jumamosi, lakini Jumamosi milango hiyo imefungwa. Sisi tulikwenda Alhamisi.

Chumba cha kuonjea waliruhusu sita tu. Nilikuwa mmoja wao. Vikombe vyeupe vimepangwa kwenye meza ndefu, kila kikombe ni chai ya kiwanda kimoja na daraja moja. Mwonjaji anapita na kijiko, anavuta chai kwa kelele kubwa mpaka ifike kooni, anaitema, anasema neno moja, na mwenzake anaandika. Kogo alinong'ona kwamba mtoto wake akinywa hivyo mbele ya wageni angemchapa. Lakini tulielezwa kwamba kelele ile ndiyo inayoipeleka harufu puani. Chai iliyoungua kiwandani, au iliyotokana na majani yaliyolala kwa gunia usiku, inajulikana hapo kwa kijiko kimoja. Kisha madalali hupeleka vionjo kwa wanunuzi, wanatoa orodha ya bidhaa zitakazouzwa, na mnada unafanyika kila wiki kwa dola za Kimarekani. Chai za Uganda, Rwanda, Burundi, Tanzania na Malawi pia zinauzwa hapohapo pamoja na zetu. Mnunuzi mkubwa wa chai ya Kenya ni Pakistan.

Ghalani tuliingia wote, kumi kumi, tukiwa tumevalishwa vizibao vya kung'aa. Magunia ya karatasi yamepangwa juu ya mbao mpaka karibu na paa. Kila gunia limeandikwa jina la kiwanda, daraja kama BP1 au PF1, namba na uzito. Tulikuwa tunasoma majina ya viwanda vya Murang'a na vya Kisii, mara binti wa kogo akapiga kelele. Alikuwa amesimama mbele ya jina la kiwanda chetu.

Kogo hakujua kusoma. Aliomba kuwekewa kidole juu ya herufi, akazipapasa moja moja. Halafu akauliza, "Hili gunia ni siku ngapi za kuchuma?" Mtu wa ghala hakuwa na jibu, lakini mweka hazina wetu aliketi juu ya mbao akapiga hesabu. Kilo moja ya chai iliyo tayari inatoka kwa karibu kilo nne na nusu za majani mabichi. Gunia la kilo 60 basi ni kilo 270 za majani. Mama anayechuma kilo 30 kwa siku atachuma siku tisa. "Siku tisa," kogo akasema, akaligonga gunia kama mtu anayegonga mgongo wa ng'ombe wake.

Mambo ya afya

Hili lisisahauliwe katika furaha ya safari. Sisi tumezoea baridi ya mlima na miili yetu haikuizoea malaria kama ya watu wa Pwani. Mtu wa Kericho akiumwa na mbu Mombasa anaweza kuugua vibaya. Laleni ndani ya neti, vaeni nguo ndefu jioni, na mwulizeni daktari wa zahanati yenu kabla ya safari, hasa kwa akina mama wajawazito, watoto na wazee. Mtu akipata homa baada ya kurudi, hata kama ni wiki mbili au tatu zimepita, asidhani ni uchovu wa safari. Aende apimwe damu siku hiyohiyo, na amwambie daktari alikuwa Mombasa.

Joto nalo ni adui. Kila mtu abebe maji yake, na mwongozaji aambiwe asubuhi nani ana presha au sukari, ili apange matembezi ya kivuli. Wetu alitupa mapumziko kuanzia saa sita hadi saa tisa. Wengine walinung'unika kwamba muda unapotea, mpaka walipotoka nje saa saba kutafuta soda.

Vitu vya kununua

Kama mnataka vinyago, mwambieni mwongozaji awapeleke Changamwe kwa chama cha ushirika cha wachongaji Wakamba, kilichoanza 1963. Hapo mnamwona mchongaji mwenyewe akiwa kazini, na bei imeandikwa. Kwa kikundi cha kujisaidia ni vizuri pia kuuliza jinsi wanavyogawana mapato, na sisi tuliuliza zaidi kuliko tulivyonunua. Leso ni Biashara Street. Viungo vya pilau ni Marikiti, lakini nunueni asubuhi, mkiwa bado na subira ya kupatana.

Jioni tulimlipa mwongozaji salio lake mbele ya wanachama wote, akatia sahihi kwenye daftari la mweka hazina. Tukamwongezea kidogo, kwa mapenzi yetu. Kogo alimpa pakiti ya chai aliyoibeba kutoka nyumbani, akamwagiza asiitie maziwa mengi.

Mkutano wa mwezi uliofuata ulikuwa mrefu. Safari hii kila mtu alikuwa na neno, na katibu alilazimika kuandika maswali kwa foleni. Mwishowe tulimwalika mkurugenzi tuliyemchagua kiwandani, akaja, akaulizwa na kogo swali la kwanza: gunia letu linakaa ghalani Mombasa siku ngapi kabla ya kuuzwa, na kodi ya ghala inalipwa na nani? Alijibu kwa saa moja na nusu, na ilibidi arudi tena mwezi wa pili na karatasi.